Habari za Jina la Speke

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi juu ya jina moja la Kiingereza, jina la ukoo wa mtu aliyefika katika nchi yetu ya Karagwe zamani za Omukama Rumanyika. Huenda mtu akauliza: jina la Mzungu aliyekwisha kufa litatufaa nini sisi wenye migomba na ng'ombe? Twamwomba atusikilize kidogo, maana habari hii ilianza kwa mzaha wa wanafunzi, ikaishia katika shauri la shamba nyumbani kwetu wenyewe.

Ilikuwa hivi. Siku moja chuoni, katika somo la historia, tuliandika ubaoni majina ya Wazungu wawili waliotangulia kufika Karagwe na kuandika habari zake, yaani Speke na Grant. Mwanafunzi mmoja, mwenyeji wa upande wa Kyerwa, akasimama akasema, "Mwalimu, jina la Rumanyika twalijua maana. Kumanya ni kujua, naye ni yule ajulikanaye. Je, Speke maana yake nini?" Kabla hatujajibu, mwenzake akadakia, "Ni Msemaji! Waingereza wakitaja neno la kusema hulitamka vivyo hivyo." Darasa zima likacheka, likaridhika. Sisi hatukuwa na jawabu lililo bora kuliko lile, tukaendelea na somo. Lakini usiku haukupita vema. Mwalimu akiacha neno la kubahatisha likae ubaoni, kesho litakuwa elimu.

Basi tukatafuta.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba Waingereza hawakuwa na majina ya ukoo tangu mwanzo. Zamani mtu kwao alikuwa na jina moja tu, kama babu zetu, na jina hilo lilikuwa neno lenye maana. Mwaka 1066 Wanormandi walivuka bahari kutoka Ufaransa, wakaishinda Uingereza na kuitawala. Wakubwa wao walianza kujiongezea jina la pili, mara nyingi jina la mji au shamba walilotoka, ili mali isipotee kwa watoto. Kisha desturi ikashuka polepole kwa watu wadogo. Watoza kodi walitaka kujua ni John yupi aliyelipa na yupi aliyejificha, maana katika kijiji kimoja palikuwa na kina John wengi. Hata ilipofika mwaka 1400 au karibu yake, watu walio wengi katika Uingereza walikuwa na jina linalorithiwa. Mwaka 1538 ikatoka amri kwamba kila kanisa liweke kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko, na majina yakazidi kushikamana na wenyewe.

Majina hayo yalitoka katika mambo ya kawaida sana. Mtu aliyekaa mlimani aliitwa wa Mlimani. Mwana wa John aliitwa Johnson, yaani mwana wa John. Mhunzi aliitwa Smith, na mjukuu wake akawa Smith ijapokuwa maisha yake yote alioka mikate. Hili la uhunzi lilitupendeza. Nchini kwetu mhunzi, omuhesi, alikuwa mtu wa heshima, na nyundo za chuma zilikuwa miongoni mwa alama za ufalme zilizowekwa Bweranyange pamoja na sanamu za ng'ombe za chuma. Lakini hakuna aliyewaita wajukuu wa mhunzi kwa kazi ya babu yao. Walikuwa wa oruganda lao, wenye omuziro wao, na kila mtoto alipewa jina lake mwenyewe.

Namna ya nne ya majina hayo ni ya utani. Majirani walimtazama mtu wakampa jina kwa umbo lake, tabia yake, au mnyama waliyemfananisha naye. Grant ni jina la namna hii. Linatoka katika neno la Kifaransa lenye maana ya mkubwa, na bila shaka mtu wa kwanza aliyepewa alikuwa pandikizi la mtu. Leo ni jina la ukoo mashuhuri wa Uskochi, na katika ukoo huo wamo warefu na wafupi.

Na Speke je? Wenye elimu ya majina wanaliunganisha na neno la Kifaransa cha kale, espec, nalo ni ndege. Ni yule ndege agongaye miti mikavu kwa mdomo wake akitafuta wadudu, tumwitaye kigong'ota. Wajerumani, ambao lugha yao ni jamaa na asili ya neno hilo, hata leo humwita Specht. Basi jina Speke si la msemaji. Ni Kigong'ota.

Tulipowaambia wanafunzi, wengine hawakukubali. Msemaji lilikuwa jina la fahari kwa mtu aliyeandika kitabu kikubwa. Kigong'ota ni kitu gani? Tukawaambia kwamba maana ya jina haichaguliwi kwa utamu wake. Huulizwa maandishi ya kale. Na katika maandishi ya kale jina hili halianzi na S. Huanza na E: Espec. Neno la kusema la Waingereza halikupata kuanza hivyo hata siku moja. Ile E ilianguka njiani katika vinywa vya Waingereza, kwa sababu wao hawaoni taabu kutamka s na p pamoja. Vinywa vyetu hufanya kinyume. Mzee mmoja jirani yetu, kila tunapomsimulia habari hizi, humwita Sipeki, akimrudishia irabu aliyonyang'anywa, ijapokuwa si mahali pale pale.

Mtu mashuhuri wa kwanza mwenye jina hilo alikuwa Walter Espec, bwana mkubwa wa kaskazini ya Uingereza. Mwaka 1132 alitoa ardhi yake wakajengewa watawa wa Rievaulx, ambao magofu ya nyumba yao yapo na hutazamwa na wageni. Mwaka 1138 alikuwa mmoja wa viongozi wa jeshi lililowashinda Waskochi katika Vita vya Bendera. Huyu hakuacha mtoto wa kumrithi. Mali yake iliwaendea dada zake watatu, na kwa hivyo jina halikupita kwake. Lakini walikuwapo wengine wenye jina hilo upande wa kusini magharibi, katika nchi za Devon na Somerset. Kule Devon kiko kijiji kiitwacho Brampford Speke. Watu wengi wangedhani ukoo umetwaa jina la kijiji. La, kijiji ndicho kilichotwaa jina la ukoo, kwa kuwa ndio waliokimiliki.

Hapa hatuna budi kuwaonya wale wanafunzi wapendao ramani. Karibu na Liverpool pana mahali paitwapo Speke, na nyumba ya kale ya mbao ijulikanayo kwa jina hilo hilo. Pahali hapo hapana uhusiano na ndege wetu. Jina lake linatoka katika neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya vijiti vya kichakani. Majina mawili yakifanana sura si lazima yawe ndugu. Sisi twalijua jambo hili: wako kina Kato kila kijiji tangu hapa hata Buganda, na hakuna aulizaye kama wana babu mmoja, maana kila penye pacha wa pili wa kiume huenda pakawa na Kato.

Ukoo wa Speke wa Somerset ulikua, ukapata mashamba na vyeo. Katika kanisa kuu la Exeter kuna chumba cha ibada kilichojengwa kwa ajili ya Sir John Speke, aliyefariki mwaka 1518, na sanamu yake ya jiwe imelala humo. Halafu ukapata msiba. Mwaka 1685 mtu mmoja mkubwa, Mtemi wa Monmouth, aliinua vita kumpinga mfalme James wa Pili, akashindwa. Baada ya hapo majaji wakazunguka nchi ya magharibi wakinyonga watu. Charles Speke, kijana wa ukoo huu, alinyongwa katika mji wa Ilminster mwaka huo. Watu wa Somerset husimulia kwamba hatia yake haikuzidi kushikana mkono na yule Monmouth alipopita. Jina ndilo lililomponza, maana jamaa zake walijulikana kuwa rafiki wa waasi.

Katika ukoo huo, tarehe 4 Mei 1827, alizaliwa John Hanning Speke. Alikuwa askari katika jeshi la India, mpenda kuwinda. Tarehe 3 Agosti 1858 aliliona ziwa kubwa kutoka upande wa Mwanza, akalipa jina la malkia wake, Victoria, ijapokuwa wenyeji wa kando zake zote walikuwa na majina yao. Kisha akarudi tena pamoja na James Augustus Grant, na mwezi wa Novemba mwaka 1861 wakafika Bweranyange, makao ya Omukama Rumanyika.

Twapenda kukumbuka siku hiyo. Speke mwenyewe ameandika kwamba mfalme alimsalimu kwa Kiswahili kizuri, na wakashikana mikono. Mtu ambaye mwenzake wa ukoo alikufa kwa mkono mmoja ulioshikwa, alipewa mkono katika Karagwe akapata nao nyumba, chakula na amani. Rumanyika alimwuliza habari nyingi za dunia, za jua na za falme za mbali. Tumetafuta kama yapo maandishi yanayoonyesha kwamba aliulizwa pia maana ya jina lake, hatukuona. Wala jina lenyewe halikutumika sana. Watu wa safari walimwita Bwana, na huko Buganda wakalikata likawa Bana. Kigong'ota hakuna aliyemtambua.

Yeye kwa upande wake aliandika jina la mwenyeji wake pasipo ile y: Rumanika. Ni kosa dogo. Hatumlaumu mgeni kwa herufi moja. Lakini lipo kosa jingine, na hili si dogo.

Speke alijitwika kazi ya kumweleza Rumanyika asili ya ukoo wake. Alipoona umbo la watu wa jamaa ya kifalme na ng'ombe wao, alikata shauri kwamba hawakuwa wa nchi hii, kwamba walitoka Uhabeshi, na kwamba watawala wote wa nchi za maziwa walikuwa wageni wa jamii nyingine walioleta ufalme kwa wakulima. Hakuwa na maandishi. Hakuwauliza wazee wa koo mbalimbali neno kwa neno. Alitazama pua na nywele, akatunga. Maneno hayo yalichapwa katika kitabu chake mwaka 1863, na Wazungu waliofuata wakayashika kama kweli iliyothibitishwa. Wakayafundisha shuleni, wakayatumia katika kutawala, hasa Rwanda na Burundi, na uchungu uliotoka humo watu wa mpakani kama sisi hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1994 tulipokea wakimbizi, na wengi wenu mliwaona kwa macho. Wanahistoria wa leo wameyakataa mawazo hayo.

Masimulizi yetu wenyewe yasemaje? Yanasema Abahinda ni wana wa Ruhinda, naye aliutwaa utawala kutoka kwa Nono wa ukoo wa Abasita. Jina la ukoo limetoka katika jina la babu, kama vile Johnson alivyotoka kwa John. Hapa hapana fumbo wala Uhabeshi.

Sasa angalieni. Mgeni alibahatisha asili ya Rumanyika kwa kutazama sura. Mwanafunzi wetu alibahatisha asili ya Speke kwa kusikiliza sauti. Makosa haya mawili ni ndugu, ila moja lilifutwa ubaoni siku ya pili, na la pili lilidumu miaka mia na zaidi. Twasema haya si kwa kumtukana marehemu. Alikuwa hodari, na mengi aliyoyaandika juu ya Karagwe yana thamani mpaka leo. Lakini mtu ambaye ukoo wake ulitunzwa katika vitabu kwa karne saba, herufi kwa herufi, angaliweza kutufanyia uangalifu ule ule.

Grant alikaa kwetu muda mrefu zaidi. Mwezi wa Januari 1862 Speke alikwenda Buganda, akamwacha mwenzake Karagwe akiwa mgonjwa wa mguu hata mwezi wa Aprili, na Rumanyika akamtunza. Jina lake, lile lenye maana ya mkubwa, limeingia katika Kiswahili kwa njia ya ajabu: yule swala mkubwa wa mbugani huitwa swala granti. Ng'ombe wa watu wamempisha swala akarithi.

Na Speke naye ana mnyama. Katika kinamasi cha ziwa dogo la Karagwe alipata ngozi na pembe za nzohe, yule mnyama wa majini mwenye kwato ndefu ambaye wavuvi wetu wanamjua. Wataalamu wa wanyama wakamwita kwa jina la Speke, Tragelaphus spekii, ndilo jina lake katika vitabu vya elimu duniani kote. Basi jina la ndege wa Kifaransa likawa jina la mnyama wa matete ya Karagwe. Liko pia katika ziwa: ghuba iliyo kusini mashariki, upande wa Ukerewe, huitwa Ghuba ya Speke. Mwenyewe alikufa tarehe 15 Septemba 1864 kwa risasi ya bunduki yake akiwa katika kuwinda, siku moja kabla ya kusimama mbele ya wataalamu katika mji wa Bath kujibizana na Burton juu ya chanzo cha Nile. Alikuwa na miaka 37, hana mke wala mtoto. Amezikwa Dowlish Wake, kule kwao Somerset.

Tukiwa bado katika wageni wa Rumanyika, hatuwezi kumpita Stanley aliyemtembelea mwaka 1876. Kwa jina lake mtu hawezi kufuata ukoo hata hatua moja, maana si lake. Alizaliwa Wales mwaka 1841 akaitwa John Rowlands, akalelewa katika nyumba ya maskini, akavuka bahari kwenda Marekani, na huko akatwaa jina la mfanyabiashara mmoja wa New Orleans. Stanley katika Kiingereza cha kale ni uwanda wenye mawe. Baadaye watu wa Kongo, wasiojua hayo, wakamwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Twakiri kwamba tulicheka peke yetu tulipoligundua.

Basi twarudi nyumbani, kama tulivyoahidi.

Desturi yetu ya kale ilikuwa mtoto kupewa jina lake, na jina hilo lilikuwa habari. Byarugaba: ni vya Rugaba, ni vya Mungu Mgawaji. Mugisha: baraka. Tibamanya: hawajui, na anayelisikia huuliza mara moja, akina nani hawajui, na hawajui nini? Hapo mama au nyanya husimulia. Jina lilikuwa mlango wa hadithi. Liliishi na mwenyewe na likafa naye, na kilichorithiwa ni ukoo na omuziro, ambavyo havikuandikwa popote lakini kila mtu alivijua, hasa siku ya kutafuta mchumba.

Zikaja shule na ofisi. Karani akauliza, "Jina la baba?" Mtoto akataja, likaandikwa mwisho. Mtoto huyo alipopata watoto, wengine walipewa lile lile la babu, na leo katika Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili ambazo hata mwaka 2012 zilikuwa moja, koo nyingi zina jina la mwisho linalorithiwa kama la Waingereza. Hatusemi ni vibaya. Cheti cha shule na hati ya shamba haviwezi kusubiri hadithi ya nyanya. Ila jambo lililowapata Waingereza katika miaka mia kadhaa latupata sisi katika vizazi vitatu. Jina linaganda, na maana yake inavuja. Chuoni kwetu tuliwauliza wanafunzi arobaini maana ya jina lao la mwisho. Walioweza kusimulia kwa nini mtu wa kwanza alipewa jina hilo hawakufika kumi, na kijana mmoja mwenye jina la Tibamanya alijibu, "Sijui," wenzake wakacheka hata akatoka nje.

Nasi tulicheka. Haikupita miezi mitatu, tukachekwa.

Katika miaka ya 1930 babu yetu na mdogo wake walipelekwa shule mbili mbalimbali. Wote wawili walitaja jina la baba yao. Karani mmoja aliliandika kwa herufi r mwanzoni. Mwingine akaliandika kwa l, tena akakata silabi ya mwisho kwa sababu nafasi ya kitabu haikutosha. Kwa masikio ya wazee r na l za jina hilo ni sauti moja, kwa hiyo hakuna aliyeona neno. Watoto wa babu wakarithi r, watoto wa mdogo wake, waliohamia upande wa Murongo, wakarithi l. Hata siku ya kuandikisha kibanja cha jamaa tukaambiwa katika ofisi moja kwamba makaratasi yanaonyesha koo mbili zisizo na uhusiano, na upande mmoja hauna haki. Maneno yakawa makali kati ya ndugu. Baadhi ya vijana, ambao hawakupata kula pamoja nao, walianza kuamini kwamba wale wa Murongo ni watu wengine kweli. Jina lenyewe hatulitaji hapa, kwa kuwa shauri halijapoa mioyoni.

Tulikumbuka Espec na Speke. Mtu mwenye majina hayo mawili mbele yake angeweza kuapa kwamba ni koo mbili, mpaka afungue vitabu vya kale na kuiona E ikianguka. Lakini vitabu vyetu viko wapi? Tukaenda kwa shangazi wa baba yetu, binti wa yule mwenye jina, ambaye ana umri wa miaka tisini na zaidi na macho yake hayaoni vema. Tulimwamkia, tukaketi chini, tukamwuliza: baba yako aliitwaje, na kwa nini?

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mmechelewa kuuliza, lakini hamkukosa." Akatusimulia kwamba baba yake alizaliwa katika ile sotoka iliyomaliza ng'ombe wa nchi hii miaka ya mwanzo ya 1890, wakati matajiri wenye mazizi walipogeuka kuwa waombaji kwa mwezi mmoja. Katika zizi la baba wa mtoto akasalia ng'ombe mmoja, jike, mwenye maziwa. Mtoto akalelewa kwa maziwa hayo, akaitwa kwa neno lenye maana ya kilichosalia. Akataja watoto wote wa marehemu kwa kufuatana, na babu yetu na mdogo wake wakiwa wa tatu na wa nne, akataja omuziro wao, akataja mama zao.

Wazee wawili wa kijiji wakathibitisha, maneno yakaandikwa, ndugu wa Murongo wakaletwa, na kibanja kikagawanywa. Kila upande umebaki na herufi yake; hapana aliyekubali kubadili. Sisi tuliandika maneno yote ya yule mama katika daftari, pamoja na jina la ng'ombe yule, maana alilikumbuka hilo pia.